Mbwa wa kazini amekufa na usiku umenishinda, nyinyi mlifanyaje?

soja_wa_mivinjeni
Asalam aleikum na hamjambo nyote. Najua kuna watu watacheka lakini naandika tu manake sina pa kulisema hili. Mimi ni soja, nalinda nyumba ya Mtaliano huku Casuarina, Malindi, na mbwa tuliekua nae kazini amekufa juzi juzi. Anaitwa Bruno. Jina kapewa na mwenye nyumba ila kulea nimelea mimi, aliletwa ndani ya kikapu cha maembe hata kutembea sawa hajui. Mwenye nyumba huja Disemba, kusi ikianza kuvuma huyo kaenda zake, miezi yote ilobaki ni mimi na Bruno na mwenzangu wa mchana tunapokezana geti. Mzungu alijaribu kumfunza Kitaliano. Ukimwambia vieni, yaani njoo, anatega sikio tu, ukimwambia ndzo kwa Kigiriama ndio anainuka anakuja.

Alishikwa na ile homa ya kupe. Kwanza aliacha kula, mapupu ya kuchemsha anayanusa anageuza uso, mkojo ukawa rangi ya chai ya mkandaa, daktari akaitwa akamtia sindano na dripu lakini ufizi ulikua ushakua mweupe kabisa. Alinifia mlangoni pa kibanda alfajiri nikizima taa za nje. Nimemzika mwenyewe nyuma ya mwembe.

Sasa shida yangu ni usiku. Mchana niko sawa, naenda shamba Ganda nalima, napiga stori na watu, nacheka. Ikishafika saa tano, mivinje ikianza kuvuma na komba wakianza kulia, basi. Zamani nikiskia kitu simuliki tochi, namuangalia Bruno kwanza. Akiwa kalaza kidevu juu ya gambuti yangu najua hakuna neno hata kama makuti yanaanguka, akiinua kichwa na mimi nainuka. Ndio ilikua kazi yetu hio. Saa hii kila mlio ni wangu, nazunguka nyumba usiku kucha mpaka adhana ya asubuhi.

Kuna siku nilikua naenda kufungua mota ya maji huku nyuma, akanisimamia mbele kwa kile kijia, nikienda kushoto yuko, nikienda kulia yuko, nikamfokea nikajua anataka mchezo. Kumulika, swila kajikunja kando ya ndoo ya dawa ya swimingi, kainua shingo. Mimi nlikua na ndala siku hio. Sasa mtu akiniambia "si mbwa tu" nawaza hapo.

Na nyumbani pia sina wa kumwambia. Mke wangu ananihurumia ila anasema nisiliseme nje. Jirani mmoja kaniambia uso mkavu, wewe Muislamu mzima unalilia najisi? Nikanyamaza. Mwenye nyumba nae alilia kwa simu, ikawa mimi ndio nampoza yeye, halafu akamaliza kwa kusema mwisho wa mwezi ataletwa mtoto wa mbwa mwengine. Hapo kifua kilinibana kweli. Sijui nikubali, sijui nimwambie sitaki. Kuna aliepitia hili? Mlifanyaje?

Ngala_finest
😂😂😂 Soja analilia mbwa. Sasa hanga ni lini tuje na maturubai na spika? Kwetu mbwa akifa anavutwa mguu mpaka kichakani watu wanarudi kula sima. Chukua hio ingine bro mshahara ni ule ule.

mama_mayungu
Wewe Ngala kama huna la maana pita njia, humu si kijiweni.

Kaka soja, pole sana, makiwa. Nimesoma hapo kwa gambuti nikaacha kusonga sima nikakaa chini. Mimi nauza mahamri na mbaazi, naamka saa tisa usiku nakanda unga, saa kumi na moja niko njiani naenda kutandika meza yangu, na miaka yote nilikua nasindikizwa na mbwa wa nyumbani, Tomi. Hana ukubwa wowote, ila ananifikisha, akiona watu wa kwanza wamekuja kununua anarudi zake nyumbani kulala. Tomi aligongwa na pikipiki.

Nakuambia nilichoona mimi. Hii kitu ina saa yake. Hainijii mchana wala nikiwa sokoni, inanijia ile saa ya kufunga mlango na kubeba beseni, kwa hivo nikaacha kuhangaika na siku nzima nikahangaika na hio saa moja tu. Kulikua na kina mama wanaokwenda kungoja samaki wanapita njia ile ile, nikawaambia mkipita nigongeeni dirisha. Sikuwaambia ni kwa sababu ya mbwa, niliwaambia naogopa vijana wa bangi 😅. Tukawa tunaenda pamoja, tunasengenya mpaka tunafika. Wewe saa yako umeshaijua, ni saa tano. Ongea na huyo mwenzako wa mchana mbadilishane shifti hata kwa wiki moja mbili, akikataa basi tafuta redio ndogo uiwashe chini chini hapo kibandani, sauti ya mtu akiongea inasaidia sana kuliko muziki. Ama pigia mtu simu saa hio, ziko bando za usiku za bei rahisi.

Jengine, kama nyumbani kuna watoto waliokua wanamjua, waambie amekufa. Wangu mdogo shangazi yake alimwambia Tomi kaenda shamba kwa babu. Basi ikawa kila gari likitoka upande wa Kakuyuni mtoto anatoka mbio nje. Nilipomwambia ukweli alilia siku ile, kesho yake akauliza kazikwa wapi, akaenda kuweka maua ya mlangilangi, ikaisha.

Na sahani yake usiitupe saa hii kwa hasira. Iweke juu huko usipoiona. Utaamua baadae.

abu_barani
Waaleikum salaam ndugu yangu. Nakujibu hapo kwa najisi manake naona ndipo palipokuuma na watu wanachanganya.

Tohara ni mlango wake na huruma ni mlango wake. Sisi pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito, alipolamba panaoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo iwe kwa mchanga. Sawa. Wenzetu wa Maliki wao wanasema mbwa aliye hai ni tohara na ile kuosha ni amri tu ya ibada. Kwa hivo hata hapo maulamaa wamesemezana. Lakini hakuna madhehebu hata moja ilosema najisi maana yake ni kuchukiwa. Damu yako wewe mwenyewe ikitoka ni najisi, unajichukia? Mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na shamba wametajwa kwa hadithi kwamba wanaruhusiwa, na wengi wakampima wa kulinda nyumba kwa kipimo hicho hicho. Na kazi yako ndio hio, hukumfuga kwa fahari.

Huyo jirani muulize kama ameisoma Suratul Kahf, aya ya 18. Wale vijana wamelala ndani ya pango na mbwa wao katajwa kanyoosha miguu ya mbele pale kizingitini. Yule ni soja mwenzako na Bruno 🙂. Na ile hadithi ya mtu aliemkuta mbwa anaramba tope kwa kiu, akashuka kisimani akajaza kiatu chake maji akakiuma kwa meno akapanda nacho kumnywesha, Mungu akamsamehe madhambi yake, hio iko kwa vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, masahaba wenyewe walishangaa wakauliza hata kwa wanyama tuna malipo? Wakajibiwa ndio, kwa kila chenye uhai.

Kulia machozi hakuna dhambi. Mtume mwenyewe alilia mwanawe Ibrahim alipofariki. Kilichokatazwa ni mayowe na kuchana nguo, na wewe umelia kibandani peke yako, hata mkeo hajakuskia. Hitima tu usimsomee bwana, hapo utatutia matatani sote. Na gambuti zile zioshe sawasawa kabla hujaswali.

Ngala_finest
Ustadh na mara saba zako, soja atamaliza maji ya mzungu yote 😂

agroveti_kona
Pole bwana soja. Mimi niko duka la dawa za mifugo hapa mjini na nimefanya kazi na madaktari muda mrefu, ya moyo nawaachia hao wengine, mimi nakuambia ya kupe manake naona hujaambiwa na kuna mtoto wa mbwa anakuja.

Kwanza usikae ukajiuliza mbona sikuona mapema. Ule mkojo ulivokua unaonyesha ni babesia, hicho kidudu kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu kinazipasua, na ikiwa kali mbwa anamalizika kwa siku chache tu. Wengi wanakua pia na ile nyengine, erlikia, ambayo inashusha zile chembe za kugandisha damu, ndio unaona mwengine anatoka damu puani. Zote mbili zinaletwa na kupe. Na joto letu hili la pwani kupe wanazaana mwaka mzima, hawangoji msimu.

La pili ndio kubwa. Kupe huyu wa mbwa wa rangi ya kahawia hakai kwa nyasi tu kama wa ng'ombe. Jike akishiba anashuka, anapanda ukuta, anaingia kwa ufa anataga mayai kwa maelfu. Chunguza hapo kibandani kwako, nyuma ya fremu ya mlango, chini ya godoro la mbwa, kwa mapengo ya mawe ya ukuta, utawaona wadogo wamejipanga. Na wanaweza kukaa miezi mingi hawajanyonya mtu wala mnyama, wanangoja. Sasa huyo mzungu akileta mtoto mwisho wa mwezi akalala pale pale alipolala Bruno, utazika tena. Kwa hivo kabla ya kuamua unataka ama hutaki, hilo banda halijawa tayari. Choma lile tandiko la zamani, ziba nyufa kwa simiti, pulizia dawa, rudia tena baada ya wiki mbili tatu manake mayai hayafi mara ya kwanza.

Mtoto akija achanjwe parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu wa watoto wa mbwa, na zile zinazoenda nayo akiwa wiki 6 mpaka 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 ama 4 mpaka afike wiki 16. Watu wengi wanachoma moja wanajua wamemaliza. Ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi 3, halafu kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, uliza ofisi ya mifugo kama watachanja bure.

Na huko kuzika, umechimba kina gani? Ikiwa ni mchanga mtupu kama wa Casuarina basi mita moja na zaidi, tena mbali na kisima. La sivyo kenge atamfukua.

mwamu_wa_langoni
Mimi n'ko Amu, yaani Lamu, huku mbwa ni wachache, wetu ni paka na punda. Nataka niseme ya punda manake ni hayo hayo.

Nilikua na punda wangu, dume, mweusi mgongoni, kazi yake ni mchanga na mawe kutoka majahazini pale gati mpaka kwa mafundi huko juu. Mji wetu wajua vichochoro vyake havipitishi gari, bila punda hakuna nyumba inayojengwa. Huyu wangu ukimpakia mara mbili ndia ile ile, mara ya tatu unamuacha anakwenda peke yake anafika kwa fundi anasimama. Jioni nikimfungua anajipitia barazani kwa mamangu apewe maganda ya ndizi halafu ndio arudi. Alikufa na tumbo, punda wakizurura jaani wanakula mifuko ya plastiki, utumbo unaziba, basi. Nilimpeleka kwa ile kliniki ya punda ya Donkey Sanctuary, iko hapa Amu tangu 1987, wakapambana nae usiku mzima. Hawakumuweza.

Sasa skiza kitu kilichoniuma mimi. Watu walikuja kunipa pole, wengi. Lakini walikua wananipa pole ya hasara. "Pole bwana, punda siku hizi bei ghali." "Pole, sasa kazi utafanyaje." Hakuna hata mmoja aliesema pole kwa yule punda. Nilikua natamani mtu mmoja tu aseme, punda wako alikua na akili yule. Basi. Wewe soja yako ni mbaya zaidi manake hata ile pole ya hasara huipati, mbwa ni mali ya mzungu, kwa hivo kila mtu anahesabu aliefiwa ni yeye na wewe ni mfanyakazi tu. Mpaka mwenyewe ukawa unampoza. Nakuambia mimi sasa, hata kama sijamjua: Bruno wako alikua na akili yule, kukuzuilia njia mara mbili na wewe unamfokea na asiondoke.

Kuhusu kuleta mwengine. Mimi nilikua sina hiari, mafundi wanangoja mchanga, nikanunua mwengine. Huyu wa pili nilimchukia wazi wazi. Ile ndia ya mwenzake haitaki, ukimuacha peke yake anaenda kusimama mlangoni kwa muuza mkate. Siku moja akatafuna kofia ya mtalii kichwani mwake. Nikawa namwita jina la yule wa kwanza, haitiki. Lakini ilinibidi nimfunze, na kumfunza kunakuchosha, jioni unalala. Simfananishi tena na yule. Huyu ni mwizi wa mkate na tumezoeana hivo hivo.

Ngala_finest
Haya Mwamu ameandika barua ya posa.
Lakini nauliza, mbona hakuna alieongea pesa? Soja, mbwa alikua anafanya nusu ya kazi, sasa usiku wote ni wewe pekeyako, na swila wako hapo hapo. Mwambie mzungu kabla ya puppy alete taa za sola zile za kuwaka zenyewe mtu akipita na akuongeze kitu. Alilia kwa simu si ndio, basi huu ndio wakati 😂

mama_mayungu
Kwa hilo la taa, leo umesema.

soja_wa_mivinjeni
Nimesoma zote, nyingine nimesomea kazini nikarudia mara mbili. Asanteni. Mwamu, hilo ulosema la Bruno sikulitegemea, Mungu akulipe.

Abu Barani nimempelekea jirani ile aya. Kasema anaijua, akaondoka. Leo asubuhi kanisalimia vizuri lakini.

Nimeongea na mwenzangu wa mchana, amekubali tubadilishane mpaka mwisho wa mwezi ila anataka ofu yangu ya Jumapili, nimempa. Nimempigia pia mwenye nyumba. Nimemwambia mtoto wa mbwa asiletwe bado mpaka banda litengenezwe, na akija aletwe na kadi ya chanjo, na jina safari hii naweka mimi. Kanyamaza kidogo halafu kasema va bene, yaani sawa. Taa za sola amekubali mbili, moja ya huko kwa mota ya maji. Nyongeza ya mshahara kajifanya mtandao unakatika 😅 Ngala nitajaribu tena Disemba akiwa mbele yangu.

Bado usiku ni ule ule, siwadanganyi. Juzi nimebakisha vichwa vya samaki kwa sufuria nikaamka kuvipeleka nikafika mlangoni ndio nikakumbuka. Nimempa paka.

Agroveti nimeangalia nyuma ya fremu kama ulivosema. Wako, wamejaa, wadogo kama mbegu. Nimechoma godoro. Swali moja, hapa ndani kuna paka wawili wa mwenye nyumba na kuna kidimbwi cha samaki wa rangi karibu na kibanda, hio dawa ya kupuliza haitawadhuru? Na shimo la Bruno ni mpaka kifuani kwangu, kisima kiko upande wa pili wa nyumba.

agroveti_kona
Shimo liko sawa. Paka hao wafungie chumba kingine mpaka ukuta na sakafu ikauke kabisa, na usije ukawapaka wao dawa ya mbwa, zile zenye pamethrini zinaua paka. Kidimbwi kifunike kwa turubai kabla hujaanza na pampu usiioshee hapo, tone kidogo tu samaki wote wanaelea. Vaa glavu na ufunge pua. Pita dukani kabla ya saa sita uniambie kibanda kina futi ngapi nikupimie ya kutosha mara mbili.